Korbesa, kijiji kinachokunywa mvua ya mbali

Wengi wetu tunaijua Isiolo kwa mbuga zake na kwa barabara ya kwenda Moyale. Leo tunakupeleka ndani zaidi, hadi kijiji cha Korbesa, ambako misimu ya mwaka ndiyo inayoamua nani atakunywa chai ya maziwa na nani atakunywa strungi.

Msomaji, mara ya mwisho uliposikiliza utabiri wa hali ya hewa ulifanya nini? Pengine ulimkumbusha mtoto asisahau sweta, ukaanua nguo kambani, basi. Mvua ikinyesha, sisi watu wa mjini tunalalamikia matope na matatu zinazopandisha nauli. Isiponyesha, maziwa bado yako dukani, na mfereji, siku ukiamka vizuri, unatoa maji.

Kuna mahali katika nchi hii hii ambako habari za mawingu hazichukuliwi kwa mzaha namna hiyo. Korbesa ni kijiji cha wafugaji kilicho katika eneo la Merti, Kaunti ya Isiolo, karibu na mto Ewaso Ng'iro, kiasi cha digrii moja tu kaskazini mwa ikweta. Wakazi wake wengi ni Waborana, watu wa ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia. Hapa mvua ni mshahara. Ikichelewa wiki mbili, ni sawa na wewe kufika mwisho wa mwezi ukaambiwa pesa hazijaingia, na hakuna ajuaye zitaingia lini.

Safari ya kuvua koti

Ukitoka Nairobi kwa gari, utakwenda kiasi cha kilomita 280 kwenye lami kabla ya kuufikia mji wa Isiolo. Ukipita Nanyuki na Timau utajikunyata kwa baridi ya Mlima Kenya, huku ukitazama mashamba ya ngano na vibanda vya plastiki vinamokuzwa maua na mboga. Yatie maanani mashamba hayo, kwa maana tutayarudia. Baada ya hapo barabara inateremka ghafla. Masikio yanaziba, koti linavuliwa, na nyanda za kaskazini zinatandazwa mbele yako kama mkeka usio na mwisho.

Mji wa Isiolo uko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo hadi Merti ni safari ya kilomita 200 hivi, si ya lami bali ya changarawe, vumbi na mchanga, kupitia Gotu, Biliqo na Bulesa. Wasafiri wengi hupanda malori yanayopeleka unga, sukari na sabuni, na kurudi na mifugo. Korbesa iko mbele ya Merti, ukifuata mto unakoelekea. Na njia nzima unazidi kushuka, kwani mto huu huishia kwenye kinamasi cha Lorian, ambako ardhi iko mita 200 hivi tu juu ya usawa wa bahari.

Mwanafunzi, kumbuka somo la jiografia. Kwa kawaida joto huongezeka kiasi cha nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazoshuka. Ndiyo sababu wastani wa joto la mwaka katika Kaunti ya Isiolo ni kama nyuzi 29, na huku chini adhuhuri ya Februari huwafukuza watu, mbuzi na hata kuku chini ya kivuli cha migunga.

Mvua nayo ni haba. Eneo hili limo katika sehemu kame zaidi ya kaunti, inayopata kati ya milimita 150 na 250 kwa mwaka. Nairobi hupata zaidi ya mara tatu ya hizo. Tena usidhani milimita hizo hugawanywa kidogo kidogo kama dawa ya kikohozi. Mvua mbili tatu kubwa zaweza kumwaga karibu kila kitu kwa siku chache, na miezi iliyobaki ikawa jua tupu.

Sababu iko upande wa kusini. Upepo wenye unyevu utokao Bahari ya Hindi hukutana kwanza na vilima vya Nyambene na Mlima Kenya. Huko hupanda, hupoa na kukamuliwa maji yake. Kinachovuka kwenda kwenye nyanda za chini mara nyingi ni upepo mkavu, na mawingu yanayopita juu ya kijiji kama magari ya wakubwa, bila kusimama.

Misimu minne, kila mmoja na kazi yake

Watu wa Pwani wana masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Mborana pia ana misimu minne, nayo inakaribiana sana na hiyo: ganna, adolessa, hagaya na bona.

Ganna ndiyo masika yao, kuanzia Machi hadi Mei. Wiki za mwisho kabla yake huwa ngumu kuliko zote. Joto hukaba, upepo hugeuka-geuka, na kila jioni macho huelekea kwenye umeme unaometameta mbali kwenye upeo wa macho. Mvua ikishuka, hushuka kwa kishindo. Laga, yaani mikondo ya mito iliyokuwa mchanga mtupu asubuhi, huweza kubeba gari jioni. Barabara hukatika, na lori la unga hukwama siku kadhaa.

Lakini hakuna anayenuna. Ndani ya wiki moja au mbili nchi iliyokuwa na rangi ya tofali huvaa kijani. Madimbwi hujaa maji, na mifugo hupelekwa mbali na mto ili nyasi za kando ya mto zipumzike. Ng'ombe huzaa, maziwa hufurika, chai huwa nzito, na huu ndio wakati wa harusi na wa kutembeleana. Ajabu ni kwamba huu pia ndio wakati mgumu kwa mfanyabiashara kununua mbuzi. Mnyama akiwa mnono na maziwa yapo, nani atakuwa na haraka ya kumuuza?

Adolessa hufuata, Juni hadi Septemba hivi. Ni kipupwe cha huku, ingawa mtu wa Limuru hataiita baridi. Pepo za kusi huvuma kwa nguvu, asubuhi huwa na mawingu, na mgeni hutazama juu akisema leo itanyesha. Mwenyeji anajua haitanyesha. Mawingu ya adolessa ni mapambo tu. Vumbi hupenya hadi ndani ya sufuria iliyofunikwa, madimbwi hukauka moja baada ya jingine, na mifugo huanza safari ya pole pole kurudi upande wa mto na visima.

Hagaya ni vuli, Oktoba na Novemba hasa. Ni mvua fupi, lakini usiidharau. Mwaka ambao ganna imekosea, hagaya ndiyo inayookoa. Mvua hii inaongozwa sana na hali ya bahari. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu wa Afrika yakiwa na joto kuliko kawaida, hagaya hunyesha kupita kiasi, kama ilivyokuwa mwaka 1961, 1997 na 2019. Yakipoa, hasa wakati wa ile hali ya Bahari ya Pasifiki iitwayo La Niña, hagaya hupita kama mgeni aliyekosea nyumba.

Bona ndiyo kiangazi, kuanzia mwisho wa Desemba hadi ganna irudi. Huu ndio mtihani. Wanawake na wasichana huamka kabla ya alfajiri kwenda kuteka maji, punda wakibebeshwa mitungi ya plastiki. Mto ukikauka juu, watu huchimba mchangani hadi maji yatokee, na kadiri siku zinavyokwenda ndivyo shimo linavyozidi kwenda chini. Ndovu nao hujua siri hiyo, wakachimba kwa miguu na mikonga yao. Usiku mmoja wanyama wa porini na wa nyumbani huweza kugombea shimo moja.

Wakati wa bona ndipo utaona chai ikibadilika. Ng'ombe wa maziwa wamepelekwa mbali au wamekauka, na kikombe unachokaribishwa nacho ni strungi. Hiyo ndiyo namna rahisi kwa mgeni kuijua hali ya hewa ya Korbesa bila ya kutazama juu: tazama ndani ya kikombe.

Maji yanayokuja bila mawingu

Sasa, msomaji, hebu fikiri. Mahali penye milimita 200 za mvua kwa mwaka watu wanaishije? Jibu ni kwamba Korbesa haitegemei mbingu yake peke yake.

Mto Ewaso Ng'iro huanzia kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Nyandarua. Mito ya Naro Moru, Nanyuki, Timau na Ewaso Narok humimina maji yake humo. Mto unakatiza Laikipia, unapita Archers Post na mbuga za Samburu, Buffalo Springs na Shaba, kisha unaingia katika nchi ya Merti. Mvua ikinyesha Nanyuki leo, baada ya muda maji ya rangi ya chai yatateremka Korbesa chini ya anga jeupe lisilo na wingu hata moja. Tena sehemu za Laikipia na Nyandarua hupata mvua mwezi wa Julai na Agosti, wakati ambapo huku chini ni adolessa kavu. Basi mvua ya mtu mwingine humfikia Mborana wakati yake imekwisha.

Mto huu umewahi kuwahadaa hata wasafiri mashuhuri. Mnamo 1892 na 1893 Mmarekani William Astor Chanler, akiwa pamoja na Ludwig von Höhnel, aliufuata akielekea Lorian, mahali ambapo habari zilizoenea zilisema pana ziwa kubwa. Alichokikuta ni kinamasi. Jina lake limebaki kwenye maporomoko ya Chanler yaliyo juu kidogo ya nchi ya Merti. Ukweli ni kwamba Lorian hupanuka na kunywea kwa kufuata mto. Miaka ya mafuriko maji huvuka na kuendelea mashariki kuelekea Somalia, na miaka ya ukame hubaki udongo uliopasuka.

Chini ya ardhi kuna hazina nyingine. Tabaka la maji liitwalo Merti huanzia sehemu hizi, likapita Habaswein na Dadaab hadi upande wa Somalia. Visima virefu vya miji hiyo, pamoja na kambi za wakimbizi za Dadaab zilizofunguliwa mwaka 1991, vimekunywa kutoka humo. Lakini maji hayo si matamu kila mahali. Ukisogea mbali na sehemu ya katikati, chumvi huzidi.

Kuhama si kutangatanga

Vitabu vingi tulivyosoma shuleni vilituambia kwamba wafugaji ni watu wa kuhamahama, kana kwamba wanatembea tu bila mpango. Ukikaa Korbesa utajua sivyo. Kuhama ni namna yao ya kuifuata mvua mahali ilipoangukia. Wingu moja huweza kulowesha bonde hili na kuliacha kavu lile lililo kilomita 20 tu kutoka hapo. Mkulima hawezi kulibeba shamba lake akalipeleka penye mvua, lakini mfugaji anaweza kuwapeleka ng'ombe wake.

Kwa hiyo kundi hugawanywa. Wanyama wachache wanaokamuliwa hubaki nyumbani kwa ajili ya watoto na wazee. Wengine huenda fora, yaani kambi za mbali, wakiwa na vijana wenye miguu yenye nguvu. Nyasi nazo hugawanywa: za wakati wa mvua, za kiangazi, na akiba ya ukame mkali isiyoguswa ovyo. Anayesimamia mpango huu ni dedha, baraza la wazee wa malisho. Mgeni akitaka kuingiza mifugo, anatakiwa aombe ruhusa. Kwenye kisima kuna abba herega, mzee anayepanga zamu za kunywesha. Huko hakuna kuruka foleni, hata ukiwa na ng'ombe mia.

Watu wa hapa wanajua pia kinachotokea kuhama kukipigwa marufuku. Wakati wa vita vya Shifta, kati ya 1963 na 1967, serikali iliwakusanya wakazi katika vijiji vyenye ulinzi huko Merti, Garba Tula na Modogashe. Mifugo haikuweza kwenda penye nyasi. Wengi walikufa kwa njaa na maradhi, wengine kwa risasi, na familia zilizokuwa tajiri zikabaki mikono mitupu. Waborana wa Isiolo hukiita kipindi hicho Daba, yaani wakati wa kusimamishwa. Baada ya hapo ndipo mashamba ya kumwagiliwa maji yalipoanzishwa kando ya Ewaso Ng'iro na mito mingine, ili waliopoteza mifugo wapate angalau mahindi. Hata mashamba hayo yanategemea mto ule ule.

Pale misimu ilipopoteza adabu

Mzee aliyeishi miaka 70 hapa ameona ukame mwingi. Ule wa 1984 ulikuwa mkali, na vilevile ule wa 2000, wa 2011 na wa 2017. Jambo lililobadilika ni nafasi kati ya msiba mmoja na mwingine. Kundi la mbuzi linahitaji miaka michache ya heri kujijaza tena, na ng'ombe wanahitaji mingi zaidi. Ukame ukirudi kabla ya hapo, mtu hupigwa akiwa bado hajainuka.

Tazama mfululizo huu. Hagaya ya 2019 ilinyesha kupita kiasi. Mapema mwaka 2020 nzige wa jangwani, waliostawishwa na unyevu huo, waliingia Isiolo na kaunti nyingine nyingi. Kisha mbingu zikafungwa. Hagaya ya 2020, ganna na hagaya za 2021, ganna na hagaya za 2022: misimu mitano mfululizo ilishindwa. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Hadi mvua iliporudi Machi 2023, mifugo zaidi ya milioni 2 ilikuwa imekufa katika maeneo kame ya Kenya.

Tena mvua yenyewe ilikuja na kisirani chake. Mbuzi aliyekonda kwa njaa hawezi kustahimili usiku wa mvua na baridi, hivyo wengine waliovuka ukame mzima hufa siku za kwanza za neema. Oktoba hadi Desemba 2023 ikaja El Niño, Ewaso Ng'iro ikavunja kingo, na watu wa nyanda za chini waliokuwa wakililia maji wakakimbia maji. Mafuriko makubwa huleta pia mbu, na mbu huleta homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaomwambukiza binadamu. Uliwahi kuzuka Kaskazini baada ya mvua za 1997 na za 2006.

Je, ni bahati mbaya tu? Aprili 2023 wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walieleza kwamba kuongezeka kwa joto la dunia kulifanya uwezekano wa ukame wa namna ile uwe kiasi cha mara 100 zaidi. Si kwamba mvua ilikuwa haba tu. Joto lilizidi, na maji machache yaliyoanguka yakapaa hewani kabla ya nyasi kuyanywa. Huyu ni mfugaji ambaye hana kiwanda, na ambaye lori lake ni ngamia.

Wenyeji hawakukaa mikono kifuani. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Isiolo ilikuwa mahali pa majaribio ya mfuko wa kukabiliana na mabadiliko ya hali ya anga, ambapo kamati za wadi zilichagua wenyewe miradi. Mojawapo ya mambo yaliyochaguliwa ni kuimarisha dedha na kulinda malisho ya akiba. Kuna pia bima ya mifugo inayotumia picha za setilaiti kupima ukijani wa nyasi. Ilianza Marsabit mwaka 2010, kisha ikafika Isiolo. Nao utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa siku hizi hutangazwa redioni kwa Kiborana, ukasikilizwa pamoja na wazee wanaosoma nyota na mwenendo wa wanyama.

Sisi wa mjini tunaingiaje hapa?

Tunaingia kwa milango miwili. Wa kwanza ni jikoni. Mbuzi wengi wanaouzwa Merti hupakiwa kwenye malori hadi Isiolo na Nairobi, na soko la Kiamaiko linawajua vizuri. Bona ikizidi ukali, kila mfugaji hutaka kuuza kabla mnyama hajafa. Bei huko huanguka, na mbuzi aliyekondeana huuzwa kwa pesa ambazo hazinunui hata gunia la mahindi. Mvua ikirudi, mifugo imepungua, na wewe ndiwe unayeshangaa bei ya nyama.

Mlango wa pili ni yale mashamba tuliyoyapita Timau na Nanyuki. Maua yaliyo mezani na mboga zinazosafirishwa hadi Ulaya hunyweshwa na mito ile ile inayolisha Ewaso Ng'iro. Miji ya huko juu imekua, mabomba yamezidi, na katika miezi ya kiangazi, wakati kila mtu anayataka maji, mto hukauka kabla ya kuwafikia watu wa chini. Hatusemi mashamba yafungwe. Maelfu ya familia hupata riziki humo. Lakini maji ni ya zamu, kama kwenye kisima cha abba herega, na wa mwisho kwenye foleni naye ana kiu. Vyama vya watumiaji wa maji katika sehemu za juu vimejaribu kupanga zamu hizo. Vinahitaji nguvu zaidi, na vinahitaji kumkumbuka mtu asiyeonekana, aliye kilomita 200 chini ya mkondo.

Ndiyo sababu mpango wa serikali wa kujenga bwawa kubwa kwenye mto huo, pale Crocodile Jaws, uliamsha wasiwasi mkubwa. Wakazi wa chini wamefanya hata misafara ya ngamia kando ya mto, wakieleza kwamba kuuzuia mto juu ni kukata msimu wa tano wa mwaka wao, msimu wa maji yasiyo na mawingu.

Ukipanga kwenda

Wakati mzuri ni Juni na Julai, baada ya ganna, barabara zikiwa zimekauka na maziwa yangali yapo. Epuka Aprili na Novemba usije ukalala upande usio wako wa laga. Ulizia usalama wa njia mjini Isiolo kabla ya kuondoka. Chukua maji ya kutosha, kofia na nguo za heshima, maana hii ni jamii ya Kiislamu. Usimpige mtu picha bila ya kumwomba. Salamu ni "nagaa", yaani amani, nayo haiharakishwi: utaulizwa habari za watu, za mifugo na za mvua ya ulikotoka, na ujibu zote. Na tafadhali, usimwulize mwenyeji ana ng'ombe wangapi. Ni kama yeye akuulize una pesa ngapi benki.

Mwisho, wewe mwanafunzi. Huenda darasani kwenu kuna mtoto wa Kiborana. Jina lake lasikike kwa makini, kwa sababu Waborana huwapa watoto majina ya wakati waliozaliwa. Guyo ni wa mchana, Galgalo ni wa jioni, Boru ni wa alfajiri. Godana alizaliwa watu wakihama. Bonaya alizaliwa wakati wa bona, kiangazi kikiwaka. Roba alizaliwa mvua ikinyesha.

Kesho ukimkuta Roba, mwombe akusimulie mvua hiyo. Na ukimkuta Bonaya, muulize mama yake alipata wapi maji siku ile.